Tela la Mama Mkwe

Kwetu mama mkwe halali chini ya paa la mkwewe. Atakula hapo, atafua nepi, atachambua mchele kutwa nzima, lakini jua likianza kushuka ajifunge kanga yake aondoke. Sisi ni wajukuu wa wakata mkonge waliokuja Kilosa kutoka kila pembe ya nchi, na tumeshasahau karibu kila kitu walichokuja nacho babu zetu, hata lugha zao. Hili la paa ndilo tumeling'ang'ania kama kupe. Na binti yangu wa pekee, katika wanaume wote waliojaa nchi hii, akaenda kuolewa Mikumi na kijana wa wafugaji waliohamia kutoka kanda ya ziwa, ambao kwa jambo hili ni wakali kuliko sisi. Koo mbili ambazo hazikukubaliana hata siku ya harusi zilikubaliana mara moja kwamba mimi nisilale hapo.

Alipojifungua mara ya kwanza nikawa bibi wa mchana. Alfajiri napanda basi Kilosa, vumbi, kijiji cha Ulaya, vumbi tena, nafika saa nne. Saa tisa naaga. Siku ya sita nilimwacha analalamika kibaridi kidogo. Giza lilipoingia akapandwa na homa ya uzazi mpaka akawa hamjui hata mtoto wake, na mumewe akamkimbiza hospitali kwa pikipiki ya jirani. Mimi nilipigiwa simu asubuhi, nikiwa nafagia uwanja. Alipona, lakini aliponea chupuchupu, na nikaapa kwamba uzazi wa pili hautanikuta Kilosa nimeshika ufagio.

Wenye akili walinishauri bure. Mlete ajifungulie kwako, walisema, kana kwamba sikuwahi kulifikiria. Kwa kina mkwe mtoto huzaliwa kwenye boma la baba yake, basi, hakuna mjadala. Lala gesti, walisema wengine. Mama mzima nilale gesti, ukuta kwa ukuta na madereva wa malori, katika mji anaokaa binti yangu, ili mji mzima useme nimefukuzwa? Watu hugawa ushauri kwa sababu ndicho kitu wanachokuwa nacho cha ziada.

Jibu nililipata kwenye simu. Niliona video ya Wazungu wanavuta nyuma ya gari dogo kijumba cha kulala watu wawili, kimechongwa kama tone la maji lililolazwa. Watu wana nyumba kwao zenye vyumba visivyo na mtu, halafu wanakwenda kujibana humo na kuita ni starehe. Nilicheka peke yangu. Kisha nikaacha kucheka, maana niliona kitu ambacho wao hawakukiona: kile kijumba kilikuwa na paa lake lenyewe.

Nikaenda kwa fundi seremala wa karibu na stesheni, mtu ambaye nusu ya wanafunzi wangu wa zamani wanalala kwenye vitanda vyake. Nilimweleza kwamba kijumba lazima kiwe chepesi, kwa sababu gari langu ni dogo na limezeeka. Likipanda kilima na mimi peke yangu linakohoa. Nilitaka mbao nyembamba za kujengea mifupa, plaiwudi pande zote, katikati vipande vya yale maboksi meupe ya povu wanayoletea samaki sokoni, na juu bati la alumini. Akanitazama kama nimemwambia anijengee nyumba ya karatasi.

"Mwalimu, plaiwudi ni ya kupigia dari," alisema. "Wewe ni mtu wa heshima. Nikuwekee mninga."

"Mninga utauvuta wewe?"

"Heshima ni nzito, Mwalimu."

Kwa fundi wa Kilosa kitu chepesi ni tusi. Tulibishana wiki nzima, na nikadhani nimeshinda, mpaka nilipokuta ameshaweka mlango wa mninga, umepigwa msasa unang'aa, kwa heshima ya Mwalimu. Tela lilikuwa limeinamia kushoto kama mlevi aliyeegemea ukuta. Niliung'oa mlango ule mwenyewe, mbele ya wateja wake.

Kabla ya hapo, mbao hazijakatwa, lilikuwepo la kipimo. Nilitandika mkeka karakana kwake, nikalala chali, nikamwambia apime. Akatoka nje, na wateja wote wakamfuata. Mtu aliye hai hapimwi akiwa amelala, alinieleza kutoka mlangoni akiwa amenipa mgongo. Anayepimwa amelala ni yule asiyejua kwamba anapimwa. Nikasonya, nikajipima mwenyewe nikiwa nimesimama ukutani, nikamwandikia kwenye karatasi. Aliipokea kwa mikono miwili, akaikunja, akaitia mfukoni, kisha akakata kwa kukadiria kwa jicho. Kukata sanduku kwa urefu halisi wa mtu anayepumua asingethubutu, iwe kwa karatasi au bila karatasi. Na mimi, niliyefundisha hesabu miaka thelathini na tano na kuchapa watoto kwa kutohakiki majibu, sikuhakiki. Niligundua siku ambayo bati lilikuwa limeshapigiliwa: kijumba kilikuwa kifupi kuliko mimi kwa shibiri nzima.

Majirani walikuja kutazama, maana Kilosa kitu kisichokuwa na kazi kinapata watazamaji wengi kuliko mpira. Mmoja aliuliza nani amefariki. Mwingine alisema kama ni jeneza basi lina madirisha ya kifahari. Niliwaacha wacheke. Nilikamata chuma cha kuunganishia kwa mkono mmoja, nikalisukuma tela mwenyewe kuzunguka uwanja, mwanamke wa miaka sitini na tatu mwenye goti bovu, na hapo kidogo wakanipisha njia.

Mkaka mmoja mchomeleaji alikuwa amelifungia ekseli na tairi mbili za bajaji tangu mwanzo, na binti yangu alipoingia mwezi wa tisa wa mimba ya pili nikaondoka nalo nyuma ya gari langu. Siku hiyo ilikuwa siku ya soko Ulaya. Kwenye kilima pale, mzee mwenye baiskeli iliyobeba mkungu wa ndizi alinipita, akageuka kunitazama, akanipa pole. Jua lilivyowaka, yale maboksi ya povu yakakumbuka samaki wao, na nikaingia Mikumi nanuka kama mnada.

Mkwe wangu alinipokea kwa mbali, ameangalia pembeni kama inavyotakiwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

Basi, hayo ndiyo mazungumzo yetu ya mwaka. Huyu ni kijana anayeziba pancha kando ya barabara kuu, na kwa miaka yote tangu amuoe binti yangu sikuwahi kumsikia akimaliza sentensi mbili mfululizo. Nilikuwa nimeshamweka kwenye lile fungu la wanafunzi wanaokaa dawati la nyuma mpaka wanamaliza shule. Nilisogeza tela ndani ya uwanja wao, nikaliegesha karibu na mlango wa binti yangu, nikaanza kushusha godoro.

Ndipo akainuka baba yake mdogo, mzee ambaye kazi yake kubwa duniani ni kukaa kwenye kiti. Alilizunguka tela mara mbili.

"Mama, hapa hutalala," alisema. "Boma ni nyumba moja. Ua ndio ukuta wake."

"Hili lina paa lake, mzee wangu."

"Paa lake liko ndani ya nyumba ya mkweo."

Nilimuuliza kama mbuzi wake nao wanalala na mkwe. Nilimuuliza akina nani walikuwa wanapitisha sheria zao usiku ule binti yangu alipokuwa hamjui mtoto wake. Hakuyumba. Akanionyesha kwa fimbo mahali pa kulala: nje ya lango, kando ya barabara ya malori, hatua arobaini kutoka kwa binti yangu, na lango lenyewe linafungwa kwa miiba kila jioni. Nilikuwa nimekokota nyumba nzima kutoka Kilosa ili nikalale ng'ambo ya miiba. Nililia mbele yao, na niliwachukia kwa kuniona nikilia. Binti yangu alikuwa amesimama mlangoni na tumbo lake, anasema, "Mama, basi. Mama, inatosha."

 Mkwe wangu alichukua jembe na panga, akazungukia nyuma ya nyumba.

"Ndiye huyo anakimbia," nilimwambia binti yangu, bila kushusha sauti. "Umeolewa na gogo."

Tukaanza kusikia nguzo zikigongwa na kung'olewa. Nilidhani anamalizia hasira kwenye ua, kama wanaume wanavyofanya. Nilipokwenda kutazama, alikuwa ameshang'oa upande mzima wa nyuma na anauchimbia upya. Ua ulikuwa haupiti tena mbali na nyumba. Ulikuja ukakata kona, ukagota kwenye ukuta wa chumba cha binti yangu, ukaanza tena upande wa pili wa dirisha. Katikati palibaki nafasi ya tela, wala hakupima. Alikuwa amelitazama mara moja tu. Tukalisukumia pale, yeye nyuma na mimi mbele ili tusitazamane. Dirisha la binti yangu lilikuwa hatua mbili kutoka mlango wangu.

Akamwita yule mzee. "Baba, mama yuko nje ya boma."

Mzee alifuata mstari wa nguzo kwa macho, pole pole, akitafuta kosa.

"Yuko nje," alikubali, akarudi kwenye kiti chake.

Neno gogo alikuwa amelisikia. Uwanja ule si mkubwa. Niliona haya ambayo sijawahi kuiona tangu niwe mtu mzima, na sikuwa na namna ya kumwomba radhi, kwa sababu hilo nalo mila haikuliwekea nafasi.

Alizaliwa mtoto wa kiume. Niliishi mle arobaini nzima, nimejikunja magoti kifuani, nikimlaani fundi kila nilipogeuka. Siku ya nne, kabla hapajapambazuka, nilisikia kupitia dirisha meno ya binti yangu yanagongana. Kabla hajaniita nilikuwa nimeshaingia kwa dirisha hilohilo, maana kuingia si kulala, na jua lilipotoka tulikuwa hospitali, homa ikiwa bado changa. Safari hii hakupoteza fahamu hata mara moja. Alinishika mkono njia nzima na kulalamika kwamba nanuka samaki.

Nimesharudi Kilosa. Juzi binti yangu alinipigia kusema mbuzi wa jirani wameingia kwenye lile pengo la ua na kumaliza mchicha wote alioupanda chini ya dirisha. Nikamwambia amwambie mumewe arudishe nguzo zake zilipokuwa, anangoja nini. Nilimsikia anamuuliza pembeni, kisha akarudi kwenye simu.

"Anasema hapo ni kwako, mama. Hapazibwi."