Maneno Niliyoyameza Kanisani

Mama yetu alikufa asubuhi, mimi niko kazini hotelini Bwejuu. Kufika mjini alasiri, kashazikwa. Dada yangu hakuningoja. Sisi Wakristo tunangojana, hata siku tatu, mpaka wa mbali afike. Lakini tumezaliwa Mji Mkongwe baina ya majirani Waislamu, na kwao maiti hacheleweshwi. Dada kanijibu hivyo hivyo, kuwa maiti hawekwi. Hata konzi ya mchanga sikutia.

Hasira ile niliilea, nnasema kweli. Miaka sita. Kanisani nikikaa mbele yake makusudi, anione mgongo. Ikifika Sala ya Bwana, "utusamehe makosa yetu" nikiisema kwa sauti. "Kama tunavyowasamehe waliotukosea" nikifunga mdomo. Padri akihubiri msamaha, sabini mara saba, nikimwona anajisemea tu. Yeye mamake hakufukiwa kabla hajafika.

Mwaka huu dada kaugua figo. Akamtuma jirani yake wa Chukwani aniite. Nikaenda, wala si kwa huruma. Nilitaka aniombe radhi kwa mdomo wake mwenyewe.

Nilimkuta kitandani, kakonda hadi mashavu yameingia ndani. Shikamoo niliitoa kwa shingo upande, akaitikia. Akataka tusali pamoja Sala ya Bwana. Tulipofika pale pangu nikafunga mdomo, naye akaikatisha sala.

"Hujapata kulisema hilo," akanambia. "Miaka yote niko nyuma yako, nasikia."

Nikamwambia aniombe radhi kwanza, ndipo nitalisema. Akasema hakutaka kunambia, ila namlazimisha.

"Mama ndiye aliyesema usingojwe. Tulikupigia simu mara tatu anaumwa, ukasema hoteli imejaa wageni. Akasema, kama hana nafasi ya kuja kuniona mzima, asingojwe kuja kuona sanduku."

Kumbe! Dada kakubali kununiwa miaka sita ili nisiyasikie maneno hayo. Na simu zile nazikumbuka. Wageni wenyewe siku hizo walikuwa wanne.

Akaianza sala upya, taratibu, kanishika mkono. Safari hii hata kwenye kuwasamehe wengine sikufika. Nilikwama kwenye "utusamehe makosa yetu", maneno niliyokuwa nikiyapaza kanisa zima lisikie. Dada akayasema peke yake.