Sikitu Mlangoni kwa Mama Yake

Mpaka leo nikisikia harufu ya mafuta ya nazi yaliyopashwa moto, shingo hujikaza yenyewe, kana kwamba magoti ya Mama bado yameibana. Jumamosi ilikuwa siku ya kusukwa. Tulikaa ghorofa ya juu kule Etobicoke, ughaibuni, na nina hakika kwa vilio vyangu majirani wote walijua chanuo lilikuwa limefika utosini kwangu. Mama akabuni dawa: anayesukwa asome kitabu kwa sauti. Anayesoma hana nafasi ya kulia, na kichwa kinatulia.

Kitabu kilikuwa riwaya aliyokuja nayo kutoka Morogoro, jalada lake likishikiliwa na gundi ya karatasi. Msichana wa humo aliitwa Sikitu, miaka kumi na sita, na kurasa za mwanzo tu alikuwa ameshauza vitenge vya mama yake apate kwenda dansini, kisha akaapa kwamba mwizi ni jirani. Sikumpenda hata chembe. Nilikuwa na miaka kumi, umri ambao mtu ana uhakika na kila kitu, tena nilikuwa mtoto mwema na nikijijua hivyo. Nikamwambia Mama kwa Kiingereza, maana Kiswahili nilikielewa na kukisoma lakini kukizungumza nilikuwa mvivu, kwamba ningekuwa mama yake ningemfukuza.

Mikono ya Mama ikasimama kichwani mwangu.

"Bado hatujafika mwisho," akasema. "Soma."

Mlango wa chumba chetu, mimi na dada yangu, ulikuwa wazi kidogo. Humo alikuwamo Dada Neema, mwenye miaka kumi na saba. Shule ilikuwa imepiga simu kwamba haonekani darasani, ilhali kila asubuhi alituaga vizuri, begi mgongoni. Yeye na Mama waligombana vibaya. Tangu siku hiyo alikula chumbani, na alishatangaza kwamba kiangazi kikifika anahamia kwa Shangazi, Malvern. Malvern ni mji uleule tuliokaa, mabasi mawili matatu tu, lakini mimi niliona kama anavuka bahari. Niliogopa kulala peke yangu chumba kile, na niliogopa zaidi ukimya wa Mama akiwa anaosha vyombo.

Tuliendelea na Sikitu wakati theluji ikirundikana kwenye roshani. Akazidi kuharibu, akatoroka nyumbani, nami nikazidi kumchukia kwa raha zangu. Halafu Jumamosi moja Dada Neema akatoka chumbani na nywele zimefumuliwa. Akakaa sakafuni, mahali pangu, katikati ya magoti ya Mama, akanyoosha mkono apewe kitabu. Ilikuwa imebaki sura ya mwisho.

Mama hakumpa. Alisema leo atasoma mwenyewe, kusuka kutasubiri. Akavaa miwani, akatusomea jinsi Sikitu alivyorudi usiku na kubisha hodi, na jinsi mama yake alivyofungua kabla hodi haijaisha, akamuuliza kama amekula. Kisha akaweka kitabu kando na kumsuka Neema taratibu mpaka giza likaingia, nami nikalala kwenye kochi nimeshiba furaha.

Kiangazi kikaja, Dada hakuhama.

Nilipokuwa mtu mzima Mama alinipa kile kitabu, nikakisoma hadi mwisho. Sikitu anabisha hodi. Mama yake anamsikia, anazima taa. Basi, kitabu kimeisha. Nikarudia ule ukurasa nikitafuta lile swali la chakula, halimo. Nikampigia simu Dada Neema, nimejaa habari yangu, nikamweleza kwamba Mama alitutungia.

Akacheka kwa upole.

"Najua," akasema. "Wiki ile mlipokuwa mmetoka nilikichukua nikasoma mwisho. Nilipokaa pale chini nilitaka kumsomea Mama aone kwamba hata kitabuni binti hafunguliwi mlango, halafu nikafunge mizigo yangu."