Siku Nilipolikuza Shamba la Baba kwa Mdomo

Jamani, habari hii huwa naificha, na mke wangu akiianzisha mbele ya wageni najifanya nakwenda kuangalia geti kama limefungwa. Leo naisema mwenyewe kwa sababu kahawa imeanza kuiva huku Mbozi, na kila nikisikia harufu ya maganda yake namkumbuka baba, na nikimkumbuka baba lazima nikumbuke aibu niliyomtia.

Miaka ile nilikuwa nauza mchele Tunduma, hatua chache tu kutoka mpakani, na Kiingereza changu nilikiokota kwa madereva wa malori waliokuwa wakikaa kwenye foleni siku tatu nne wakingoja kuvuka kwenda Zambia. (Shuleni nilipata F, tusidanganyane.) Madereva hawasemi "very" kama mwalimu wa darasani. Kwao jua ni "damn hot", foleni ni "hell of a queue", mchele mzuri ni "super", ukizidi hapo ni "mega", na yote hayo maana yake ni sana tu, ila ni sana ya mtaani, yenye mbwembwe. Niliyapenda maneno hayo mpaka nikawa nayapanga mawili matatu kwa mpigo, na wateja kutoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka, wakaanza kuniita Mista Mega. Nikavimba kichwa.

Sasa, kaka yangu Elia akampata Chanda, binti wa Kibemba wa hapo hapo Nakonde, na kwa desturi yao mwenye kauli juu ya binti alikuwa mjomba wake wa Kasama, ambaye Kiswahili hajui. Baba naye alijua Kinyiha na Kiswahili, basi. Mama akasema twende na jirani yetu aliyekuwa mwalimu wa Kiingereza, mtu mzima, mtaratibu. Mimi nikadakia, "Mwalimu wa nini, na mimi nipo?"

Hapo ndipo nilipoharibu.

Siku ya siku tukaketi sebuleni kwa kina Chanda. Kwetu anayekwenda kuomba binti hujishusha, na baba alikaa ukingoni mwa kiti, kofia mapajani, akasema, "Tuna kashamba kadogo ka kahawa. Nyumba yetu ni ya kawaida. Kijana wangu si mbaya."

Nikaona haya. Ndiyo maneno gani hayo ya kuombea mke? Basi nikageukia mjomba nikamwambia shamba letu ni "hell of a big", nyumba ni "mega" na tena "damn beautiful", na kaka yangu anafanya kazi "like crazy, super, super, super". Mjomba akainua nyusi. Baba akaninong'oneza, "Mbona yamekuwa mengi?"

"Kiingereza ndivyo kilivyo, baba."

Mjomba akajibu taratibu, na nilimwelewa vizuri sana, kwamba shamba kubwa namna hiyo si la kusikia tu, Jumamosi atakuja na wazee wake walione. Nikamtafsiria baba, "Anasema watakuja kutusalimia." (Ndiyo, nilidanganya tena, ningefanyaje?)

Jumamosi yakaja magari matatu. Mama alikuwa amechinja kuku mmoja kwa wageni sita, wakashuka watu ishirini na ushee, na mjomba alikuwa amevaa suti nzuri na chini gambuti. Wazee wote walikuwa na gambuti! Walijiandaa kutembea mchana kutwa kwenye hilo shamba la "hell of a big". Tukaingia kwenye mibuni, tukapita vichanja vya kuanikia, na kabla sijapata uongo mwingine tukawa tumefika kwenye migomba ya jirani. Mjomba akasimama, akaangalia mbele, akaniuliza nini sijui, hapana, nilimsikia.

"Anauliza nini?" baba akasema.

"Anauliza... lililobaki liko wapi."

"Lililobaki lipi?"

Nikamtazama Elia. Laiti angenikasirikia! Machozi yalikuwa yakimlengalenga, maana aliona Chanda anampotea pale pale, kwa mdomo wangu.

Baba akaelewa. Akavua kofia. "Sasa tafsiri, na usiongeze hata punje. Mwambie shamba ndilo hili, na nilimwambia ni dogo. Aliyedanganya ni mwanangu, niliyemlea ni mimi, kwa hiyo ninaomba radhi mimi."

Nilitafsiri kwa Kiingereza cha darasa la tano, neno moja moja, mbele ya watu wote wale. Sijawahi kubeba gunia zito kama maneno yale.

Mjomba alisogea kwenye mti wa karibu. Akashika tawi la mbuni, akaligeuza, akauliza nani anapogoa miti hii vizuri hivi. Elia akainua mkono kama mtoto wa shule. Kisha mjomba akanitaka nirudie maneno yote ya kwanza ya mzee, yale yenyewe. Nikayarudia: shamba dogo, nyumba ya kawaida, kijana si mbaya. Akacheka mpaka akashika magoti, halafu akampa baba mikono miwili. "Binti nampa mzee huyu," akasema. "Lakini wewe, Mista Mega, kwenye harusi usishike maiki."

Sikuishika. Wala sijamtafsiria mtu tena tangu siku ile, hata anayeuliza choo kiko wapi.

Mchele niliuacha, nikarudi kwenye mibuni. Msimu wa mwisho wa maisha yake baba alikuja na mkongojo wake kuangalia nilivyopogoa, akapita mti kwa mti, na mimi nyuma yake, mtu mzima mwenye watoto, nikingoja hukumu. Mwishoni kabisa, pale kwenye migomba ya jirani, akageuka.

"Si mbaya," akasema.

Nikaenda nyuma ya kichanja nikalia.