Mume Aliyevaa Biashara

Dieula Tanis alirudi Jacmel na sanduku moja na mikono iliyobabuka. Miaka kumi na moja alikaa Santo Domingo akiwapaka wanawake dawa ya kunyoosha nywele, na kwa maelezo yake mwenyewe, nywele zilinyooka kweli, ila kila mwaka zilibaki chache za kunyoosha. Juma lile lile alilofika alipanda nyonyo nyuma ya nyumba.

Nyumba yake na yangu hutenganishwa na ukuta mmoja tu, kwa hiyo harufu ya biashara ile niliijua kabla haijapewa jina. Alikaanga mbegu mpaka zikawa nyeusi, akazitwanga, akazichemsha, akaengua mafuta yaliyoelea. Moto ulikuwa wa makapi ya miwa. Mashudu yaliyobaki yalirudi kwenye mashina ya minyonyo. Chupa zilikuwa za ramu, ambazo watu wa mtaa wetu walimsaidia kuzimaliza kwa moyo mkunjufu. Hakikutupwa kitu. Hata mumewe Anelis, ambaye wengi wetu tulidhani atatupwa, alihifadhiwa.

Anelis alikuwa mtu mwema, mwenye kichwa kama kibuyu kilichosuguliwa. Wanawake hawakumwachia Dieula nafasi.

"Shoga, mafuta yako yanaotesha nywele?"

"Yanaotesha."

"Basi si uanzie hapo nyumbani?"

"Jangwani hapapandwi, shoga. Mimi nauza mafuta, miujiza kaombe kanisani."

Alijibu hivyo akicheka, lakini mafuta hayakununuliwa. Watu walipokea chupa za kujaribia, wakasifu, wasirudi. Chupa zenyewe hawakuzirudisha pia, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi.

Tumaini lake lilikuwa meza. Jumapili ya karnavali mafundi na wafanyabiashara wa mji hupanga mali zao uwanjani, na mwaka ule ilibaki meza moja yenye waombaji wawili: Dieula, na Madan Sirilya aliyeuza dawa za kunyoosha kutoka ng'ambo. Karani wa maonyesho, Mèt Ogis, alisema Dieula ametangulia kuomba, ila afike saa tisa alasiri na mali ya kuonekana. Asipokuwa nayo, meza ni ya Sirilya.

"Nisipoipata hiyo meza," Dieula aliniambia, "narudi Santo Domingo kubabua vichwa."

Mafuta ya miezi mitatu alikuwa nayo kwenye dumu moja, karibu na ukuta. Kando yake palikuwa na dumu la Anelis.

Anelis alikuwa mkuu wa lansekòd, mashetani wa karnavali. Kila karnavali yeye na wenzake kumi na wawili huchanganya asali ya miwa na unga wa mkaa, hujipaka kuanzia utosini hadi vidoleni, huvaa pembe, hushika kamba, na kuingia barabarani kutisha watu. Wakikugusa, umekuwa mweusi na unanata hadi Jumatano. Hivyo ndivyo tulivyozoea tangu babu zetu: shetani anafukuza, mtu anakimbia.

Mwaka ule Anelis alileta asali yake kwenye dumu jipya la manjano. Dieula alimzuia mlangoni. "Plastiki mpya haivuki hapa, ya zamani ipo." Akamhamishia asali kwenye dumu lake la zamani, alilolisugua hata maandishi yote yakatoka, kama alivyokuwa amelisugua lile la mafuta. Yote mawili yalifanana kama mapacha. Asali ya miwa ni nzito na nyeusi. Mafuta ya nyonyo yaliyokaangwa ni mazito na meusi. Kuhusu harufu, ua mzima ulikuwa unanuka nyonyo tangu Novemba, hata kahawa yao.

Jumapili asubuhi Dieula alikwenda misani, na mashetani wakajipaka. Niliwachungulia kwa juu ya ukuta. Walimeta kuliko miaka yote, nami nikafikiri ni macho yangu tu, kwamba mtu akivuka arobaini huona ujana wa wengine uking'aa.

Saa saba Dieula alirudi, akatandika chupa, akaweka faneli, akamimina. Nzi wakaja. Alichovya kidole, akalamba, akasimama vile vile kidole kikiwa mdomoni.

"Jirani!" akapiga yowe. "Mume wangu amevaa biashara yangu!"

Tulikimbia hadi barabara kuu. Mambo yalikuwa yameharibika tayari. Pembe zilikuwa zimeteleza hadi puani. Kamba hazikukaa mikononi. Kila mtoto aliyekamatwa aliponyoka kama samaki na kurudi kuomba akamatwe tena. Shetani mmoja, Bonsè, ambaye kila mwaka hulamba vidole vyake njia nzima, alikuwa amelamba nyonyo ya kutosha kuharisha, sasa anagonga nyumba hadi nyumba akiomba choo. Na kila mlango ulifungwa kwa kumwogopa shetani.

Bibi Filomèn alikuwa amekaa kibarazani kwake. Shetani mmoja akamshika shavu. Bibi akanusa, akalipapasa shavu, akajipaka kwa kidole pembeni mwa kipaji cha uso, pale nywele zilipopungua.

"Wewe shetani, njoo hapa."

"Bibi, mimi natisha."

"Utatisha baadaye. Inamisha mgongo." Akageukia barabara akaita, "Wanangu! Ni nyonyo! Nyonyo ya kukaanga, halisi!"

Ndipo desturi ya mababu ilipogeuka. Wanawake walifungua vilemba. Walivua viatu. Mashetani kumi na watatu, waliofukuza mji huu miaka yote, walitimua mbio wakipiga kelele za kuwaita mama zao, na nyuma yao wasusi, wauza samaki, wanakwaya waliotoka misani, kila mmoja kanyoosha mikono.

"Msiwafute!" Dieula alilia. "Hiyo ni mali yangu! Anelis! Simama, usijikune!"

"Mke wangu, niokoe!"

"Usitoe jasho!"

Tulimpata nyuma ya kanisa, amebanwa ukutani na mwanamke mmoja tu. Alikuwa Madan Sirilya. Wigi lake alilishika kwapani, na kwa mkono mwingine alikuwa anafuta bega la Anelis na kujipaka mbele ya kichwa, pale ambapo hapakuwa na kitu. Kuanzia sikio hadi sikio dawa zake zilikuwa zimefyeka kila unywele. Alipotuona hakuficha. Labda alichoka kuficha.

"Unaniangalia nini, Dieula? Cheka basi."

Dieula hakucheka. Alimgeuza mumewe. "Hapo begani pamekwisha. Chukua mgongoni, ni mazito. Na usisugue, yaache yaingie yenyewe."

Saa tisa kasoro kidogo tulifika mezani, sisi wanawake watatu na shetani mmoja.

"Madan Tanis," alisema Mèt Ogis, "mali iko wapi?"

"Hiyo hapo imesimama."

"Huyo ni mumeo."

"Wa ndani ni mume wangu. Wa nje ni bidhaa."

Karani akamgeukia Sirilya. "Madan, basi meza ni yako. Panga vitu vyako."

Sirilya alikuwa anafunga kilemba polepole. Wigi lilikuwa bado kwapani. "Mimi leo sina cha kuuza," alisema. "Mwandikie huyu."

Mèt Ogis alimzunguka Anelis mara mbili. Alimgusa kiwiko kwa kidole kimoja, akanusa, akatazama kushoto na kulia, kisha akajipaka masharubu upesi. Akafungua daftari akaandika: Tanis, mafuta ya nywele, meza ya tisa.

"Ila kanuni ni kanuni," akaongeza. "Mali ikishaandikwa haiondoki mezani hadi saa kumi na mbili."

"Saa kumi na mbili?" Anelis akauliza. "Na nitakaa nikifanya nini?"

"Panda," Dieula akamwambia.

Akapanda mezani. Foleni ya wanawake ilikuwa tayari imefika kanisani.