Twalibu, Fundi Turubai, na Ndege ya Ijumaa

Twalibu wa Chemchem, mjini Tabora, alikuwa mtu wa kuuliza, na mtu wa kuuliza ni kero, msinibishie. Kazi yake ilikuwa kushona maturubai ya malori na ya reli, lakini ikitua ndege ya Ijumaa tu, cherehani ilinyamaza. Alipanda baiskeli mpaka uwanjani kumsumbua rafiki yake Anselm, fundi aliyeikagua ndege kabla haijaruka. Hili la nini? Na lile je? Mkewe Mwanajuma alichoka naye. "Baba Maua, hao watu wa ndege wanakulipa?" Yeye alicheka tu.

Miaka ile baada ya Azimio la Arusha, kila ofisi iliimba kujitegemea. Vifuniko vya ndege vilipochakaa havikuagizwa ng'ambo. Anselm alimpelekea Twalibu ashone vipya. Kimojawapo kilikuwa kama soksi nyekundu, cha kuvika kibomba kilichochomoza chini ya pua ya ndege. Upepo huingia kwenye kibomba hicho, na rubani husoma kwenye mshale ndege inakwenda kasi gani. Ndege ikisimama, kibomba huvikwa kisiingie vumbi wala wadudu. Twalibu alikishona kwa moyo wote, kisha akakipaka nta ya nyuki ndani na nje, vile babu yake alivyokuwa akipaka vitambaa vya mizigo ya misafara ili mvua isipenye. Hakuna aliyemwambia apake. Ufundi ulimpanda kichwani, basi.

Kiangazi kilipokolea, ndege ikaanza vituko. Ikiruka kutoka Tabora, mshale unasuasua: ndege inakimbia, mshale unasema inatambaa. Rubani akaandika kitabuni. Dar es Salaam wakafungua, wakapuliza, wakaandika: "Imekaguliwa, haina kasoro." Ijumaa iliyofuata, yale yale. Wakabadilisha mshale wenyewe. Loo, yale yale! Mara ya tano akaja Tabora mkaguzi kutoka makao makuu, Ndugu Raymundi, mtu mkavu asiyejua utani. Akakuta saini ya Anselm kwenye kila ukurasa wa Tabora. Akaandika barua kwamba fundi huyu anasaini bila kukagua, mchana huohuo akabidhi vifaa.

"Haki ya Mungu, kibomba nilikitazama kila Ijumaa," Anselm alimwambia rafiki yake pale uwanjani, uso umemsawajika. "Ni kisafi. Sijui nimekosa wapi."

"Hapa Tabora ndege inafanywa nini isichofanywa kwingine?" Twalibu akauliza. Hata msibani angeuliza, huyu!

"Inasimama juani kwa muda wa saa nne kusubiri abiria. Tunaifunika, inangoja. Niache, bwana, nikakusanye vifaa vya watu."

Anselm akaenda zake. Twalibu akaiendea ndege iliyofunikwa. Halafu akapanda ngazi, akaivua ile soksi. Jua la Oktoba halina huruma. Kitambaa kikamnata vidoleni. Akaingiza kidole cha mwisho kwenye mdomo wa kibomba, akakwangua. Kucha ikatoka na utando mwembamba wa manjano, unanukia asali.

Kwanza alifurahi, Mungu amsamehe. Amejua! Nta inalainika juani, inajipaka mdomoni mwa kibomba. Ndege ikipanda kwenye baridi, inaganda, inaziba. Rubani akifika mawinguni akawasha moto wa umeme unaokinga kibomba na barafu, nta inayeyuka yote. Sasa wa Dar es Salaam wangeona nini?

Kisha furaha ikamkauka mdomoni. Kasoro ni yake yeye. Reli ndio waliompa mkate. Nani angemkabidhi turubai fundi aliyekaribia kuangusha watu? Na hakuna aliyemwona. Angepangusa kibomba kwa kanzu, akashona kifuniko kingine kisicho na nta, ugonjwa ukaisha wenyewe. Anselm angeondoka na jina bovu, lakini angeondoka kimya. Twalibu akaikunja ile soksi pale juu ya ngazi. Alitamani kunyamaza, tusimsingizie utakatifu.

Akashuka, akamwendea mkaguzi mbele ya abiria wote. "Ndugu, Anselm hana kosa. Ni mimi." Akanyoosha kidole chenye nta.

Raymundi aliinusa ile kucha. "Nani alikuagiza upake nta?"

"Hakuna. Nilitaka kazi yangu ipendeze."

Mama mmoja, Katarina, akabeba kikapu chake akasema yeye hapandi ng'o, atakwenda kwa treni. Barua ikarudi mfukoni mwa mkaguzi, Anselm akabaki kazini.

Twalibu, je? Reli hawakumpa hata uzi kwa miaka miwili. Akashona mifuko ya karanga, Mwanajuma akauza vitumbua. Sokoni wakamwita "Mwangusha Ndege," na jina likaganda mpaka uzeeni.

"Ni kweli," alikuwa akiwajibu, bila hasira, kwa udadisi uleule wa siku zote. "Nilifanya, nikasema mwenyewe. Na wewe, la kwako umewahi kulisema?"

Hapo mtu alikumbuka ghafla kwamba ana safari.