Peusi Hapakuwa na Maji

Kisima changu hakijawahi kukauka. Anayebisha aende Mnyuzi, apite Makuyuni, amalizie Korogwe ya zamani, aulize ni nani aliyechimba visima ambavyo watu wanachota mpaka leo. Shule niliiacha darasa la pili, na karatasi pekee yenye jina langu ni kadi ya chama. Lakini nimewahi kumsahihisha msomi aliyesomea ng'ambo, mbele ya Katibu Kata, tena kwa picha yake mwenyewe.

Ilikuwa miaka ya kuhamia vijijini. Huko kwetu Handeni nyumba zilikuwa zimetawanyika, ya mama yangu peke yake chini ya kilima. Amri ilishatoka: kabla ya mvua za vuli wote tuwe kijiji kimoja. Kilichobaki ni kuamua wapi. Na kila mtu alijua kwamba kijiji kikiwekwa pasipo maji, shingo za wanawake ndizo zitakazobeba kosa hilo. Mama alikuwa na goti moja lisilokunjika. Alinitumia salamu Korogwe nilikokuwa nachimba: "Mwambieni aje. Asiponitafutia maji watanihamisha nikafe kiu."

Nikatia sururu begani, nikadandia lori.

Nilikuta mkutano umeshaanza. Mtaalamu, kijana wa Dar es Salaam mwenye miwani, alikuwa ametandaza picha juu ya boneti ya Landrova. Akasema imepigwa na setilaiti, chombo kinachozunguka dunia juu kabisa kuliko ndege, na kwamba chombo hicho kinaweza kuonyesha misitu, mashamba na maji ya nchi nzima. Nikajipenyeza, nikainama. Loo! Milima ya Usambara myekundu kama nyama buchani.

"Ndugu mtaalamu," nikasema kwa sauti ili wa nyuma wasikie, "chombo chako kilipita nchi ikiungua?"

Watu wakacheka. Mimi nilicheka kuliko wote.

Hakukasirika. "Ndugu fundi, rangi zimebadilishwa makusudi. Kila penye jani bichi panatokea pekundu. Maji yanatokea meusi."

"Jani bichi liwe jekundu?"

"Ndiyo."

"Basi na mimi ni Mzungu."

Wakacheka tena. Lakini yeye akaweka kidole kwenye doa kubwa jeusi katikati ya uwanda. "Hili ni bwawa. Kijiji kikae hapa." Katibu Kata akaanza kupiga makofi na mkutano ukamfuata. Malori yalikuwa yaanze kubeba watu kesho yake. Mama, aliyekaa mkekani na mguu wake ameunyoosha, alinitazama tu.

Mimi nimezaliwa pale na bwawa hilo sikuwahi kulisikia. Nikauliza, "Picha hii imepigwa lini?"

"Miezi miwili iliyopita."

"Kiangazi kimekolea?"

"Ndiyo, kimekolea."

Hapo nikajua. "Wakati huo wafugaji huchoma nyasi, mvua ikinyesha ng'ombe wapate majani mapya. Bwawa lako ni majivu."

"Wewe umesomea wapi haya?" Katibu Kata aliniuliza, uso umekunjamana.

"Shimoni," nikamjibu.

Mtaalamu ndiye aliyesema twende tukaone. Tulipofika, Landrova ilisimama katikati ya visiki vyeusi vya nyasi. Mzee mmoja mfugaji alikuwa anapita na ng'ombe wake. Tulimwamkia, kisha mtaalamu akamuuliza bwawa liko wapi.

"Bwawa?" Mzee alimtazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mgonjwa. "Mwanangu, mimi nanywesha ng'ombe mwendo wa kutwa. Hapa tulichoma sisi."

Kijana akachuchumaa, akasugua majivu kati ya vidole. "Kumbe," akasema. "Ukiwa juu kule, majivu na maji vyote ni vyeusi." Hakutafuta kisingizio, na kwa hilo nilimheshimu.

Mwingine angebaki pale kumcheka. Mimi nikaomba picha. Maana kama pekundu ni jani bichi, na picha ni ya kiangazi kikali, basi nilikuwa na swali. "Huu uzi mwekundu unaokatiza uwanda ni nini?"

"Ni miti. Lakini kwenye ramani hapana mto."

"Mikuyu," nikasema. "Mto uko chini yake."

Mkuyu hauwezi kukaa kijani kiangazi chote bila mizizi yake kugusa maji. Hiyo ndiyo shule yangu. Hata jina la Makuyuni halikutolewa kwa urembo. Mimi huitafuta mikuyu kwa miguu, siku nzima juani. Chombo kile kilikuwa kimeiona yote kwa mara moja, na mimi nilikuwa nimekicheka. Sikulisema hilo kwa sauti siku ile. Nalisema sasa.

Katibu Kata alitupa siku tatu, malori yasubiri. Tulichimba kando ya korongo kavu, chini ya mkuyu mkubwa, wanaume wa pale wakipokezana kuvuta ndoo za mchanga, na mtaalamu akivuta naye mpaka viganja vikachubuka. Siku ya pili mchanga tu. Katibu Kata akaja akachungulia, akaondoka bila kusalimu. Siku ya tatu, adhuhuri, sururu yangu ilitoa sauti nyingine. Tope likanishika miguu, kisha maji yakapanda polepole mpaka magotini.

Kata ya kwanza ya maji nilimpelekea mama, aliyekuwa akisubiri kivulini. Akanywa, akanywa tena.

"Yana chumvi."

"Kidogo tu, mama."

"Nimesema yana chumvi. Sijasema siyataki." Akachora mstari mchangani kwa mkongojo wake, hatua chache kutoka kisimani. "Mwambie huyo katibu wako, mlango wangu unakaa hapa."