Kigelegele cha Darini

Juzi niliona kwenye simu picha ya ile ndege ya doria ya jeshi ikikatwakatwa iuzwe vyuma chakavu. Wapenzi wa ndege waliililia kama maiti. Mmoja aliandika kwamba haikuwahi kupigiwa hata makofi ya shukrani. Huyo hajui.

Alasiri moja, nikiwa mtoto, nyumba yetu ya Mji wa Kale ilijaa wanawake. Kwa harufu ya ubani na kahawa, nilidhani kuna harusi. Kumbe walikuwa wakimsomea baba sura ya Yasini. Boti yake ilizimika injini baharini, na ilikuwa siku ya tatu hajaonekana, ila mimi sikuwa nimeambiwa. Nilipanda darini penye kamba za nguo. Ndege ile ikapita chini chini, ikiinamisha mabawa, nami nikaipigia kigelegele kama anayepita ni bibi harusi.

Nyanya alipanda mbio, mkono juu. "We mtoto, huna haya? Babako yuko wapi saa hizi?"

Kichochoroni mtu akaita, "Habari zimefika kwa wavuvi Liwatoni. Ndege imewaona, wote wazima."

Mkono wa nyanya ukashuka begani mwangu. Kisha akapiga kigelegele chake, kirefu kuliko changu, na nyumba nzima ikaitikia.

Juzi, simu mkononi, nilikipiga tena. Baba akatoka chumbani, akauliza nani anaolewa.